Kigoda cha Bashi Chanda

Kaluba, Zambia
Jumatatu, 10 Juni 2024

Dada Priska mpendwa,

Bwana Yesu asifiwe! Natumaini barua hii inakukuta mzima wewe na wanao, na kahawa ya Nanyala imeanza kuiva bila kuangushwa na upepo. Sisi hatujambo. Ipyana anakohoa kwa vumbi la kiangazi, lakini ukimsikia anavyoimba asubuhi huwezi kujua kwamba mchungaji ana kifua.

Simu yangu imebaki kazi ya tochi tu. Mtandao wenyewe ni mpaka upande kile kilima, na ukifika juu unakuta nao umeondoka. Kwa hiyo tuvumiliane na barua. Abdulwahab, yule dereva wa Tunduma anayepeleka mizigo Kongo, anasimama hapa barabarani kila safari, na ameniambia hatachoka kuwa posta yetu. Mwislamu yule ana moyo kuliko washarika wengine ninaowajua.

Sasa sikiliza habari njema. Jana tumefanya sikukuu ya mavuno, ya kwanza tangu kanisa letu lilipotuleta huku. Ipyana alisema watu hawa hawana fedha lakini wana mikono, basi tufanye kama kwetu: kila mtu alete alichonacho madhabahuni, tuombe, halafu tutoke nje tupige mnada. Unakumbuka pale Nanyala yai moja linavyouzwa mara nne? Mtu analinunua, analirudisha, mwingine analinunua, mwisho anapewa bibi mgonjwa, na kanisa limecheka mpaka limesahau njaa. Nilikuwa nimekumbuka kicheko kile, dada.

Basi wakaleta. Karanga, mihogo, mkungu wa ndizi, kuku wawili. Bana Chanda, mjane anayekaa jirani na sisi, akaja wa mwisho na kigoda cha mti, cheusi, kizuri mno. Huku wanamwita mama kwa jina la mtoto wake wa kwanza, kama sisi tu: Bana Chanda ni Mama Chanda, na marehemu mumewe alikuwa Bashi Chanda. Akakiweka mbele, akapiga magoti kwa muda mrefu. Mimi machozi yakanitoka. Mjane anatoa kiti chake!

Nje mnada ulichangamka. Lakini Ipyana alipokinyanyua kigoda, wote kimya. Hata mtoto hakukohoa. Nilijua wanaona haya kwa sababu hawana cha kutoa kinacholingana nacho. Hapo ndipo Abdulwahab, aliyekuwa kivulini akisubiri utingo wake azibe tairi, aliponyoosha mkono na kukitajia bei. Akalipa, akakibeba. Alituokoa na aibu, Mungu ambariki. Bana Chanda alinyamaza tu akaenda zake. Ndio unyenyekevu.

Kwa hiyo barua hii na kigoda vinasafiri pamoja. Wasalimie wajomba. Waambie nitakuja, kazi ikipungua.

Mdogo wako,
Ruti

*

Nanyala, Mbozi
24 Juni 2024

Mdogo wangu Ruti,

Nimepata barua yako. Abdulwahab alinipigia nikaifuata Tunduma, maana nilikuwa na gunia la mahindi la kupeleka. Mimi ni mzima, watoto wazima, mbuzi amekufa. Shemeji mwambie anywe maji ya moto na malimau, aache kuimba.

Umenichekesha na mnada wako. Hivi nyinyi mmewafundisha na kule kugombania yai? Basi Injili imefika.

Hicho kigoda nimekiona. Abdulwahab alikuwa amekifunga juu ya turubai kama mfalme anasafiri. Akanishushia nikishike. Ruti, kile kiti kimekaliwa. Kimekaliwa mpaka kimeng'aa, kina bonde la makalio ya mtu mmoja. Nikajiuliza moyoni, mtu gani anauza kitu kilichokaliwa namna ile? Lakini mimi ni mkulima, mambo ya madhabahuni siyajui.

Huku tunachuma. Mikahawa ya Baba imezaa kidogo. Haijapogolewa tangu alipokufa, imekwenda juu kama miti ya kuni, tunachuma kwa ngazi. Mkasi wake unaning'inia palepale nyuma ya mlango, pamoja na koti. Wajomba wanasema hakuna wa kuugusa mpaka watoto wote wa marehemu Osea wakae chini pamoja, na wewe ndiye kitinda mimba. Mwaka jana ulisema kazi ikipungua. Na kwenye barua hii umesema kazi ikipungua. Nakukumbusha tu, sigombani.

Nakutumia kahawa ya kukaanga na chumvi ya Ivuna ile unayoipenda. Chumvi usimpe kila mtu.

Dada yako,
Priska

*

Kaluba
8 Julai 2024

Dada Priska,

Utanisamehe mwandiko. Dada, tumefanya jambo baya sana na hatukujua.

Tangu sikukuu ile kanisa ni tupu. Jumapili ya kwanza nilidhani watu wako shambani. Ya pili akaja Danieli peke yake, yule mwinjilisti anayemtafsiria Ipyana, na hakukaa mbele. Watoto waliokuwa wakija kunywa uji kwangu hawaji. Nikimsalimia Bana Chanda anaitikia vizuri, "Ee mukwai," kwa heshima zote, halafu anaingia ndani na kurudishia mlango.

Siku ya mavuno Danieli alikuwa kwao kwenye msiba. Angekuwepo yasingetokea. Jana usiku Ipyana alimbana mpaka akasema.

Kile kigoda hakikuwa sadaka. Kilikuwa cha Bashi Chanda. Katika ukoo wao mtu akifa kiti chake kinawekwa, hakikaliwi na mtu, mpaka baada ya mavuno. Ndugu wanakusanyika, mpwa wake anakalishwa juu yake, na kuanzia hapo anaitwa kwa jina la marehemu. Akishakalishwa ndipo mjane anavua kitambaa cha msiba na kuwa mtu huru. Bana Chanda alikileta kiombewe kabla ya siku hiyo. Basi. Alikileta kwa sababu anatuamini! Akakiweka madhabahuni akingoja baraka, na mchungaji wake akakitoa nje akakinyanyua juu mbele ya watu kama kuku.

Kile kimya nilichokuandikia, dada. Nani angetaja bei ya mtu aliyekufa?

Nilimuuliza Danieli kwa nini Bana Chanda hakupiga kelele, kwa nini hakutukimbilia akatunyang'anya. Danieli akasema mtu hapigi kelele nyumbani kwa Mungu, na pengine aliona hiyo ndiyo adhabu ya kuolewa na mtu ambaye hakubatizwa.

Siku yao ni Jumamosi, tarehe 17 Agosti. Ndugu wanatoka mbali, haisogezwi. Mzee wa kijiji amekuja hapa, kakataa kukaa, kamwambia Ipyana kwa upole kwamba kama kigoda hakitakuwepo siku hiyo, ni vizuri tuondoke kabla ya mvua, kwa sababu hakuna mtu hapa atakayeweza tena kuweka kitu mikononi mwetu. Ana haki.

Lakini hata tukiondoka, yule mama atabaki na kitambaa kichwani mpaka lini?

Priska, nakuomba, nakupigia magoti. Nenda Tunduma. Mtafute Abdulwahab popote alipo. Akitaka mara mbili ya alichotoa tutampa. Ipyana hali, kazi yake kukaa mlangoni pa kanisa na funguo mkononi. Wewe ukiamua jambo halishindikani.

Mdogo wako,
Ruti

*

Nanyala
20 Julai 2024

Ruti,

Barua yako nimeisoma mara moja nikaiweka. Nikaenda kuchuma. Nikarudi nikaisoma tena. Nimeacha siku zipite nipoe, na sijapoa, basi nakuandikia hivyohivyo.

Kigoda cha mzee wa watu umekililia karatasi nzima, mbele na nyuma. Baba yako ulimlilia kwa ujumbe wa simu. Sikulaumu kwa mazishi. Mvua ilikuwa ile, daraja lilikuwa limekwenda, habari ilikufikia ameshazikwa, haya, hilo ni la Mungu. Lakini baada ya pale? Arobaini haukuja, mlikuwa na semina. Pasaka haukuja, mlikuwa na ubatizo. Krismasi ukatuma picha. Wajomba wanakuja wanakaa, wananywa chai yangu, wanatazama ule mkasi nyuma ya mlango, wanaondoka. Na mimi kila asubuhi nikifunga mlango koti la Baba linanipiga begani.

Unaniandikia kwa mshangao kwamba mtu akifa kiti chake kinangojea wa kukikalia. Eti umeambiwa na mwinjilisti. Ruti, ulizaliwa wapi wewe? Hayo ulikuwa unayajua ukiwa na miaka sita. Ulilazimika kwenda mpaka Zambia ufundishwe na mjane?

Yule mama anangoja ndugu zake wakae chini. Mimi pia nangoja. Yeye ana kitambaa kichwani, mimi nina ngazi shambani. Tofauti ni kwamba yeye amepata wa kumtuma Tunduma, mimi sina wa kumtuma.

Nimemaliza. Sasa najisikia vibaya, lakini sifuti.

Abdulwahab simu yake haipatikani, wanasema yuko Kongo, foleni ni ndefu, ndiyo maana barua zetu sasa zinabebwa na madereva wenzake. Nikimaliza kuanika nitaona.

Priska

*

Kaluba
29 Julai 2024

Shemeji Priska,

Salamu katika jina la Bwana. Ruti hajui kwamba nakuandikia.

Barua yako ilifika. Aliisoma amesimama, akaikunja, akaiweka ndani ya Biblia yake, na hakunipa niisome mpaka kesho yake. Alipoanza kukujibu alichana. Akaanza tena, akachana. Mwisho alichukua khanga na mkeka, akaenda kwa Bana Chanda.

Huko ndiko aliko. Hakwenda kuomba radhi wala kuhubiri. Kibemba chake hakitoshi hata kwa hilo. Alikaa tu uani. Siku ile ya kwanza yule mama hakumpa hata maji. Ya pili Ruti alichukua ndoo akaenda mtoni, akajaza mtungi wa mwenzake. Sasa anatwanga, anafagia, analala palepale kwenye mkeka pamoja na wanawake wa msiba waliokwisha kuanza kufika. Hakuna anayemfukuza. Jioni napita kwa mbali kumwona. Juzi nilimkuta analia, na Bana Chanda amekaa kando yake anachambua maharage, anamwacha alie. Nadhani hakuwa anamlilia Bashi Chanda.

Mimi ndiye niliyenyanyua kile kiti. Miaka yote ya chuo nilifundishwa kuuliza maswali juu ya maandiko, na siku ile sikumuuliza mama mmoja, "Hiki umeleta kwa nini?" Niliona kitu madhabahuni, mkono ukafanya ulivyozoea Nanyala.

Sikuombi uache kahawa. Nakuomba usimwandikie tena kwa hasira kabla ya tarehe 17. Baada ya hapo tuandikie sote wawili, tutastahili.

Shemeji yako,
Mch. Ipyana

*

Tunduma
12 Agosti 2024

Kwa Mama Mchungaji Ruti,

Assalaam aleikum, au niseme Bwana asifiwe, chagua inayokufaa. Hunijui. Mimi ni Siti, mke wa Abdulwahab. Kwetu ni Pangani, lakini mume na biashara vimenileta kwenye vumbi hili la Tunduma. Nakaanga vitumbua karibu na boda, ukipita lazima pua yako inijue.

Dada yako kaniambia nisikuandikie. Ndiyo maana naandika.

Mwenzangu, alikuja juzi hapa kibandani, kanikuta nimekaa, nageuza vitumbua. Hakusalimia! Kasimama, ananitazama huku chini, siyo usoni. Nikasema moyoni, huyu mama ana lake. Mara: "Inuka." Inuka niende wapi, mafuta yako motoni? "Inuka kwenye hicho kigoda." Wallahi nilikaribia kumpiga na upawa. Nikamwambia kigoda nimeletewa na mume wangu, kaninunulia njiani, kwa sababu kaona mgongo unaniuma, na kama unataka cha kukalia nenda soko la Mlowo, viti vimejaa. Watu wakaanza kusogea. Tunduma unaijua, hapa ugomvi ni sinema.

Dada yako akakaa chini. Chini kabisa, kwenye vumbi, na gauni lake safi. Akanieleza. Kiti cha nani, kilikuwa wapi, mjane anangoja nini.

Innalillahi! Niliruka, vitumbua vikaungua vyote. Mwezi na zaidi nakaanga nimemkalia marehemu wa watu! Nikakiosha kwa maji ya moto, nikakifuta mafuta yote, nikakifunga kwa shuka jeupe jipya. Dada yako akafungua kitambaa chake cha fedha. Nikamwambia rudisha, mama, usinitie dhambini. Kitu cha marehemu hakiuzwi, na kama kiliuzwa hakikuuzwa. Abdulwahab nimempigia mpaka nimempata, yuko bado Kongo. Kumbe alikinunua kanisani, mnadani! Anasema aliona mchungaji wa nyumbani anaaibika mbele ya wageni, akaona vibaya kukaa kimya. Nimemcheka, halafu nimemwonea huruma. Naye anaomba radhi kwa mjane.

Tatizo likawa nani akipeleke. Madereva ninaowajua hakuna anayeondoka kwa wakati, na kitu kama hicho humpi tu mtu. Dada yako akasema hajawahi kuvuka mpaka huu maisha yake yote, yeye kufika Tunduma tu anaona amesafiri. Nikamwambia, Mama Gwantwa, upande wa pili ni mtaa kama huu, tofauti ni noti. Leo tumehangaika na karatasi zake za kuvuka. Kesho nampandisha basi la Zambia. Kigoda anasema atakipakata, hakiweki chini wala kwenye buti.

Barua hii inatangulia na jirani yangu anayeondoka alfajiri. Mpokeeni barabarani. Na umpe chakula cha maana, maana kwa hofu aliyo nayo vitumbua vyangu havikumpita kooni, na hilo halijawahi kutokea.

Siti

*

Nanyala
1 Septemba 2024

Mdogo wangu,

Nimefika salama. Pale boda ya Nakonde wakaniuliza nimebeba nini kwenda, na wakaniuliza mbona narudi na karanga tu. Nikasema safari ya kwenda nilikuwa nampeleka mtu.

Nakuandikia yale ambayo hukuyaona, kwa sababu siku nzima ulikuwa jikoni na wanawake na masizi mpaka puani. Nilipokuona pale barabarani umekonda, na kitambaa cha msiba kichwani kama wao, maneno yote niliyokuwa nimeyapanga tangu Tunduma yaliniishia. Nilikuwa nimepanga mengi, tena makali.

Sasa sikiliza. Nilipompa Bana Chanda kile kigoda hakukifungua. Alikipapasa juu ya shuka, mpaka akafika kwenye lile bonde, mkono ukatulia pale. Halafu akanishika mikono yote miwili na kupiga magoti. Mimi mkulima wa Nanyala napigiwa magoti! Nikapiga na mimi. Tukawa wawili chini kama tunatafuta sindano.

Yule kijana, mpwa wa marehemu, alipokalishwa, shemeji alikuwa nyuma kabisa, kwenye majani, pamoja na watoto. Walimwita mbele akakataa. Mzee wa kijiji akamfuata mwenyewe akamshika mkono. Akamleta mpaka kwenye kigoda, akamwambia jambo. Danieli akanitafsiria: "Kile ulichotakiwa kufanya siku ile, kifanye sasa." Shemeji akaweka mikono juu ya kichwa cha yule kijana, akaomba. Sauti ilikuwa ndogo, nusu sikusikia. Lakini watu waliitikia amina, Ruti. Wote. Nadhani ungeisikia hata kule jikoni kama usingekuwa unagombana na moshi.

Na Bana Chanda alipovua kitambaa akamwita yule kijana "Bashi Chanda!" na kucheka na kulia kwa pamoja, mimi nilitoka nikaenda nyuma ya nyumba.

Akanifuata huko na Danieli. Akaniuliza, "Na baba yenu, ni nani amemkalia?" Nikamwambia bado. "Bado nini?" Nikasema bado hatujakaa wote. Aligeuka, akakutazama kule jikoni unavyopuliza moto, akakutazama kwa muda.

Wajomba wamepanga Jumamosi, tarehe 12 Oktoba. Safari hii hawasogezi, na mimi sitawaomba wasogeze. Sikuiti. Niliyokuandikia Julai sifuti, ila nimeyachoka. Nakuambia tu tarehe.

Yule mama alinifungia karanga. Wanangu wamezimaliza.

Dada yako,
Priska

*

Nanyala
Jumatatu, 14 Oktoba 2024

Mume wangu Ipyana,

Nimeketi mlangoni kwa Baba, nakuandikia kwa kalamu ya Gwantwa. Abdulwahab anapita kesho, ndiyo maana naharakisha. Sasa wewe ndiye uliye ugenini peke yako, na mimi ndiye ninayesema salamu kutoka nyumbani. Unakula? Usinidanganye.

Bana Chanda ni mzima. Njia nzima hakuniachia mkono. Uliona mwenyewe asubuhi ile tulivyoamka tukamkuta mlangoni na kifurushi, na Danieli anatafsiri huku anacheka: "Dada yake aliniletea wangu. Siwezi kumwacha aende kwa wake peke yake." Nilidhani atanisindikiza mpaka barabarani. Tunduma, Siti alitukalisha akatulisha vitumbua mpaka tukaomba msamaha. Siku hizi anakalia ndoo. Anasema ndoo haina mwenyewe.

Priska alikuwa shambani tulipofika. Alituona kwa mbali, akashuka kwenye ngazi polepole, akaja. Hakunisalimia mimi. Alimkumbatia Bana Chanda kwanza, akamwingiza ndani, akamkalisha, akampa maji. Ndipo akarudi mlangoni nilipokuwa nimesimama. Akasema, "Umechelewa." Nikasema, "Ndiyo." Akanishika shingo akanilaza begani kwake, na lile koti likawa linatugusa sote wawili. Nililia, Ipyana. Nililia kile kilio ambacho sikuwahi kulia huko.

Jumamosi tulikaa. Wajomba walizungumza sana, unawajua. Mwisho mjomba Osward akasimama akautoa mkasi nyuma ya mlango, akaniwekea mikononi, kwa kuwa mimi ndiye kitinda mimba wa Osea, kwamba niseme mimi utakwenda kwa nani. Umeota kutu kwenye maungio. Nilikuwa nimeshajua la kufanya tangu Kaluba. Nilimpelekea Priska, nikapiga magoti. Nikasema aliyebaki na ngazi ndiye mwenye mkasi, na mimi nitakuwa mgeni wa kahawa yake.

Akakataa! Kakunja mikono. Akasema, "Kwanza ukate mti mmoja. Usinipe kitu ambacho hujakishika." Basi wote wakatoka, ukoo mzima na Bana Chanda, wakanizunguka kwenye mkahawa ule wa karibu na choo. Mkasi unagoma, mikono laini, nikakata tawi lisilo lenyewe. Priska kashika kiuno: "Tazama! Unakata kama mchungaji." Wajomba walicheka mpaka mmoja akakaa chini. Halafu Priska akauchukua mkononi mwangu, akatia mafuta, na mpaka giza linaingia alikuwa hajashuka mitini. Koti amenipa mimi. Nimelivaa sasa hivi, linanuka moshi na Baba.

Jana tulikwenda kanisani. Na unajua ilikuwa nini? Mavuno. Sikuwa nimekumbuka. Ibada ilipoisha wakatoka nje, mwinjilisti wa hapa akanyanyua mkungu wa ndizi juu. Nilimtafuta Bana Chanda kwa macho nimwondoe pale. Nikamkuta amesogea mbele, amesimama, anatazama kama mtu aliyeona jambo lililompa taabu siku nyingi. Anatazama mkungu unauzwa, unarudishwa, unauzwa. Anatazama watu wanavyosukumana na kutaniana. Likaja yai. Lile yai letu, Ipyana, kama kila mwaka. Lilipofika mzunguko wa tatu akanyoosha mkono. Akataja bei kwa kwacha! Kanisa lilipasuka kwa vifijo, hakuna aliyethubutu kumpandishia bei. Akalipokea kwa mikono miwili, akageuka, akavuka watu wote, akampa Priska.

Aliporudi kukaa kando yangu alikuwa bado anacheka. Akasema, polepole ili nimwelewe, "Kumbe ndicho mlichotaka kutupa." Nikamwambia ndicho. Nilitaka kuongeza maneno, akanigonga goti ninyamaze.

Tunaondoka Alhamisi. Fungua kanisa, fagia, uwaambie wale watoto uji upo. Bana Chanda ananituma nikuambie kwamba mavuno yajayo atakuletea kuku madhabahuni. Anasema, kuku, ba Pasta, unaruhusiwa kumwuza.

Mkeo,
Ruti